Kisima Kinapokauka, Nani Amekunywa Maji?

Mahali pengi ambapo watu waliokimbia vita wanapokelewa, ugomvi wa kwanza hauanzi shambani wala sokoni. Unaanza kisimani. Msimu wa mvua unapopita na ndoo inapogonga mchanga, mtu mmoja anasema: «Tangu hawa wageni waje, maji yamekwisha.» Mwingine anajibu: «Maji yanakunywa na miti yenu, si sisi.» Kila upande una hakika, na hakuna upande wenye kipimo mkononi. Kesho yake mtoto aliyetumwa na bidoni anarudishwa nyumbani kwa fimbo.

Katika makala hii tutaeleza jinsi wataalamu wanavyokadiria maji ambayo mimea inavuta toka chini ya ardhi katika nchi kavu. Tutaeleza pia kipimo ambacho jamii inaweza kufanya yenyewe kwa kamba, saa na penseli.

Mtu wa Kisangani anaweza kuuliza: habari hii inatuhusu nini? Sisi tunapata zaidi ya milimita 1,700 za mvua kwa mwaka, na mto Kongo unapita mlangoni. Ni kweli. Lakini wengi kati yetu wana ndugu walioondoka Kongo wakafika kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambako mji wa Lodwar ulio jirani unapata milimita 200 hivi tu kwa mwaka. Wanapopiga simu wanazungumza juu ya maji kabla ya chakula. Tena lawama zenyewe tunazijua. Mwaka 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka katika komini ya Lubunga, maelfu ya watu walihama, na wengi walivuka mto kuja ng'ambo ya pili ya mji. Mahali watu wengi wanapoongezeka kwa siku chache, chanzo cha maji kinakuwa mahali pa kunung'unikiana. Ndiyo maana tunaona ni vizuri viongozi wa kartye na wa kambi wajue namna ya kupima kabla ya kushitakiana.

Mti unapata wapi maji wakati wa jua kali?

Chukua mfuko wa plastiki usio na rangi. Ufunge juu ya tawi lenye majani mabichi asubuhi, mahali penye jua, kisha urudi saa za mchana. Ndani ya mfuko utaona matone ya maji. Maji hayo yametoka ardhini, yakapanda kwenye mizizi na shina, yakatoka kwenye majani kama mvuke. Karibu kila mmea wenye majani mabichi unafanya kazi hiyo mchana, na usiku unapumzika karibu kabisa. Shika neno hilo la mchana na usiku, kwa sababu kipimo chote tutakachoeleza kimejengwa juu yake.

Hapa kwetu mti unakunywa hasa maji ya mvua yaliyoloweka udongo wa juu. Katika nchi kavu mambo ni tofauti. Majani mafupi na mazao yenye mizizi ya karibu yanakauka wiki chache baada ya mvua. Lakini ukitazama bonde la mto wa msimu katika Turkana, mto ambao hauna hata tone juu ya mchanga, utaona mstari wa miti ya kijani pande zote mbili. Miti hiyo haingoji mvua. Mizizi yake imeshuka mpaka kwenye maji yaliyo chini.

Imeshuka mpaka wapi? Katika jangwa la Kalahari, Botswana, wachimba kisima walikuta mizizi ya mti mmoja kwenye kina cha mita 68. Katika Arizona, Marekani, mizizi ya mti wa jamii ya mathenge ilikutwa ndani ya mgodi, mita 53 chini ya uso wa ardhi. Visima vingi vya mkono havifiki hata robo ya kina hicho. Wafugaji wanajua jambo hili tangu zamani: wakitafuta mahali pa kuchimba, wanatazama kwanza ni mti gani umebaki kijani. Mtaalamu wa Marekani aliyeitwa Oscar Meinzer alitoa kitabu kizima mwaka 1927 juu ya mimea inayoonyesha mahali maji yalipo. Mzee yeyote wa Turkana angeweza kumsaidia kuandika.

Kakuma na mti unaoitwa mathenge

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita ya Sudan. Baadaye walikuja Wasomali, Waethiopia, Warundi, Wakongo na wengine, na mwaka 2016 makao mapya ya Kalobeyei yalianza kupokea watu kando yake. Maji ya kambi yanatoka kwenye visima virefu vilivyochimbwa karibu na mto Tarach, mto wa msimu ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Visima hivyo na miti ya kando ya mto wanagawana maji yale yale.

Miongoni mwa miti hiyo kuna mmoja usio wa kwao. Ulitoka Amerika. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Baringo, Turkana na Tana River ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Wakenya wengi wanauita mathenge. Waturkana wanauita etirae. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mbuzi walikula maganda yake na kusambaza mbegu kwa mavi yao, na mti ukaenea mpaka ukafunga njia, malisho na kingo za mito. Mwaka 2006 watu wa Baringo waliipeleka serikali mahakamani kwa sababu ya mti huu, na wakaleta hata mbuzi aliyepoteza meno, ambayo walisema yaliharibiwa na maganda yake, ili hakimu aone kwa macho.

Sasa weka mambo hayo pamoja: mto mkavu, wenyeji wafugaji, kambi ya watu wengi mno, na mti mgeni unaoenea kila mwaka. Visima vya mkono vinapopungua, mkimbizi anaonekana. Anapita na bidoni yake kila asubuhi, na watu wanahesabu. Mti haubebi bidoni. Kwa hiyo katika lawama mti unasahauliwa, au unatajwa bila namba, na lawama bila namba haimshawishi mtu.

Kisima kinachoshuka mchana na kupanda usiku

Njia ya kwanza iliyo rahisi kueleweka ilipatikana karibu miaka mia moja iliyopita. Walter White, mfanyakazi wa idara ya jiolojia ya Marekani, alikuwa anachunguza bonde kavu la Escalante katika jimbo la Utah. Aliweka vifaa vya kuandika kiwango cha maji ndani ya visima vifupi ambavyo hakuna mtu aliyechota. Akaona jambo la ajabu kidogo: maji yalishuka polepole toka asubuhi mpaka jioni, na usiku yakapanda tena, siku baada ya siku, kama kifua cha mtu anayepumua.

Sababu ilikuwa mimea ya juu. Mchana mizizi ilivuta maji kwa haraka kuliko maji ya pembeni yalivyoweza kuingia, basi kiwango kikashuka. Usiku mizizi iliacha kuvuta, lakini maji ya pembeni yaliendelea kuingia, basi kiwango kikapanda. White aliona pia kwamba mimea ilipokatwa, au baridi kali ilipoua majani, kupumua kule kulikoma. Alitoa matokeo yake mwaka 1932, na mpaka leo wataalamu wa maji wanatumia hesabu yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Usiku wa manane, tuseme toka saa 6 mpaka saa 10 alfajiri, mti haunywi. Kwa hiyo kupanda kwa maji wakati huo kunaonyesha ni kiasi gani cha maji kinaingia toka pembeni kwa kila saa. Chukua kiasi hicho cha saa moja, uzidishe kwa 24, upate maji yanayoingia kwa siku nzima. Kisha tazama kama kisima kimeshuka ukilinganisha asubuhi hii na asubuhi iliyofuata. Kama kimeshuka, ongeza. Kama kimepanda, toa. Jumla hiyo ndiyo mimea imekunywa, lakini bado haijawa maji. Ni kimo cha udongo wenye maji. Udongo si ndoo tupu: sehemu kubwa ni mchanga na mawe, na maji mengine yanang'ang'ania chembe za udongo yasitoke. Kwa hiyo lazima uzidishe kwa sehemu ya udongo ambayo kweli inatoa maji. Tutarudi kwenye sehemu hiyo, kwani hapo ndipo makosa mengi yanapoingia.

Tufanye mfano pamoja

Mfano huu ni wa kufikiria, si wa kisima fulani. Kuna kisima cha zamani kando ya mto mkavu, katikati ya kichaka cha miti chenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 50. Hakuna anayechota humo. Tunapima toka ukingo wa kisima mpaka kwenye maji. Kumbuka: namba ikiongezeka, maji yameshuka.

Saa 12 asubuhi tunapata sentimita 412. Saa 12 jioni, 416. Saa 6 usiku, 414 na nusu. Saa 10 alfajiri, 413 na nusu. Saa 12 asubuhi ya pili, 413.

Kati ya saa 6 usiku na saa 10 alfajiri maji yamepanda sentimita 1 kwa saa 4, yaani robo ya sentimita kwa saa. Mara 24 ni sentimita 6. Toka asubuhi mpaka asubuhi kisima kimeshuka sentimita 1. Sita na moja ni saba. Tuseme udongo wa pale unatoa asilimia 8 tu ya ujazo wake kama maji. Asilimia 8 ya sentimita 7 ni milimita 5 na nusu na kidogo, kwa usahihi 5.6.

Milimita 5.6 inaonekana ndogo kama unene wa daftari. Lakini kila milimita moja juu ya mita mraba moja ni lita moja. Kichaka chetu kina mita mraba 2,500. Kwa hiyo miti imevuta lita 14,000 kwa siku moja. Hizo ni bidoni 700 za lita 20.

Sasa tuweke watu kando yake. Tuseme karibu na hapo kuna familia 60 zilizohamishwa, kila familia watu 6, na kila mtu anapata lita 15 kwa siku, kipimo cha chini ambacho mashirika ya misaada hukitumia wakati wa dharura. Hizo ni lita 5,400, yaani bidoni 270. Kichaka kidogo kile kinakunywa zaidi ya mara mbili ya watu 360.

Hapa tunaomba kiongozi anayesoma asisimame haraka na kutangaza kwamba wakimbizi wameshinda kesi. Miti ile ilikuwa inakunywa hata mwaka jana na mwaka juzi, na kisima hakikukauka. Swali la haki si tu «nani anakunywa zaidi?» bali «ni nini kimebadilika?» Kama kichaka hakijaongezeka na mvua ilikuwa ya kawaida, basi huenda bidoni zile 270 mpya ndizo zilizovuka mpaka wa uwezo wa kisima, na wenyeji wana haki ya kusema hivyo. Kama kichaka cha mathenge kimeongezeka mara mbili kwa miaka michache, ni jambo lingine. Na kama mvua haikunyesha miaka miwili, pande zote mbili zinagombana juu ya kosa la mawingu. Kipimo hakimwondolei mtu kazi ya kufikiri.

Kupima pamoja

Vifaa ni vichache: kamba isiyovutika, mita ya fundi, saa, daftari, na uzito mdogo. Kwa uzito, kopo dogo tupu lililofungwa mdomo wake ukitazama chini linafaa kuliko jiwe, kwa sababu linapogusa maji linatoa sauti ya «pu» na unajua umefika. Pima mara mbili kila saa iliyopangwa. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita, rudia.

Chagua kisima ambacho hakuna anayechota. Kisipopatikana, lazima watu wakubaliane kuacha kisima kimoja kwa siku tatu na usiku wake, na hilo peke yake ni makubaliano makubwa: akina mama wanahitaji kujua watachota wapi wakati huo, na lazima waulizwe wao kwanza, si kuambiwa tu na wanaume walioketi chini ya mwembe. Wapimaji wawe wawili kila zamu, mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliohamishwa, na wote wawili watie sahihi kwenye ukurasa. Daftari liwe na nakala mbili. Tumesikia mara nyingi habari za namba nzuri ambazo hakuna aliyeziamini kwa sababu zilipimwa na upande mmoja usiku.

Alama ya watu ni tofauti na alama ya miti, na hata mtoto wa shule anaweza kuzitenganisha akichora namba kwenye karatasi. Kisima kinachochotwa kinashuka ghafula asubuhi na jioni, kisha kinarudi katikati. Kisima kinachonyonywa na mizizi kinashuka polepole kadiri jua linavyopanda, kinafika chini kabisa mwisho wa mchana, na kinapanda usiku kucha. Kisima kinachoshuka mchana na usiku kwa mwendo uleule kinakuonyesha kwamba tatizo liko mbali: maji ya eneo lote yanapungua, au pampu kubwa iko mahali fulani. Siku ya mvua haihesabiwi.

Na ile sehemu ya udongo inayotoa maji? Chukua udongo wa kina kile ambacho maji yanapanda na kushuka, ujaze ndoo ya lita 20, uushindilie kama ulivyokuwa chini. Uloweshe kabisa mpaka maji yasimame juu, halafu toboa tundu chini, funika ndoo, na uache idondoke usiku mzima. Maji yaliyosimama juu yasihesabiwe. Yaliyotoka kwenye udongo yakiwa lita 1.6, gawanya kwa 20: ni asilimia 8. Mchanga mkavu wa mto unatoa zaidi sana; udongo wa mfinyanzi unatoa kidogo mno. Tuseme wazi kwamba kipimo cha ndoo ni cha kukisia tu. Udongo wa ndani ya ndoo hautoi maji sawasawa na udongo wa ardhini, na hata wataalamu wenye maabara wanabishana juu ya namba hii. Jibu lako la mwisho linaweza kuwa nusu ya ukweli au mara mbili yake. Kwa hiyo usiseme «miti inakunywa bidoni 700.» Sema «kati ya 350 na 1,400.» Hata hivyo, katika mfano wetu, namba ya chini bado inazidi bidoni 270 za watu. Ugomvi mwingi hauhitaji usahihi zaidi ya huo.

Njia za wataalamu

Wenye fedha wana njia nyingine. Wanaingiza sindano ndogo kwenye shina, wanatoa joto kidogo, na kupima jinsi utomvu unavyolibeba kwenda juu. Hapo wanajua lita za kila mti. Watafiti waliotumia njia hiyo katika jimbo kavu la Afar, Ethiopia, walitoa matokeo mwaka 2021: mti mmoja wa mathenge ulikunywa wastani wa lita 7 kwa siku, na miti mikubwa ilifika lita 36. Lita 7 si kitu. Lakini mti huo ulikuwa umeenea juu ya zaidi ya hekta milioni moja, na walikadiria kwamba wote pamoja walitumia zaidi ya mita za ujazo bilioni 3 kwa mwaka. Hayo si maji ya chini peke yake. Mvua na mafuriko ya mto yamo ndani.

Wengine wanatumia setilaiti. Ardhi yenye mimea inayotoa mvuke inakuwa na ubaridi kuliko ardhi kavu, kama ngozi yenye jasho, na setilaiti inaona joto hilo toka juu. Tangu mwaka 2017 shirika la FAO linatoa bure ramani za namna hiyo kwa Afrika. Ni msaada mkubwa kwa maofisi, ingawa hazisemi kama maji yalitoka kwa mvua ya wiki iliyopita au kwa kina cha mita 30. Kutenganisha hayo wataalamu wanalinganisha maji ya ndani ya shina na maji ya kisima kwenye maabara, na hapo jamii lazima ingoje watu wa chuo kikuu.

Tahadhari moja juu ya vyombo vya mbali. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba setilaiti na uchimbaji vimeonyesha akiba kubwa sana ya maji chini ya bonde la Lotikipi, upande huo huo wa Turkana. Watu walishangilia. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kwa kunywa bila kusafishwa. Kamba na kikombe cha kuonja vina heshima yao.

Je, miti ikatwe?

Hilo ndilo jambo ambalo vijana wenye panga watauliza mara tu wakisikia bidoni 700. Jibu letu ni kwamba panga liwekwe chini kwanza.

Mti unaotumia maji pia unashika ukingo wa mto usibomoke, unatoa kivuli, kuni na chakula cha mbuzi. Ukikata, si kila lita inabaki kisimani; nyingine inachukuliwa na majani mapya, nyingine inapanda kama mvuke kwenye mchanga ulio wazi. Mathenge ukikatwa bila kung'oa kisiki unachipuka tena na matawi mengi kuliko mwanzo. Na miti ina wenyewe. Kwa Waturkana kuna desturi inayoitwa ekwar: sehemu ya miti ya kando ya mto ni haki ya familia fulani, ambayo mifugo yake inakula maganda na majani wakati wa ukame. Mgeni anayeona «pori» anakata ghala la mtu. Kakuma, ugomvi wa kuni ulifika mahali ambapo mashirika yalianza kununua kuni kwa wenyeji na kuzigawa kambini, ili mkimbizi asiende kukata mwenyewe.

Kuna mahali ambapo kukata kumeleta kazi badala ya vita. Afrika ya Kusini ilianza mwaka 1995 mpango wa serikali wa kuwalipa watu maskini kuondoa miti ya kigeni kwenye mabonde ya mito ili maji yaongezeke. Kwa wenyeji na wakimbizi wanaoishi kando ya mathenge, kung'oa pamoja na kuuza makaa pamoja linaweza kuwa jambo la kuzungumzia, mradi waanze na mti mgeni, si na ewoi, mgunga wa asili wa Waturkana, na mradi wenye ekwar wakae kwenye mkutano tangu siku ya kwanza.

Na hapa Kisangani?

Hapa ukishusha kamba kisimani huenda usione kupumua kule. Mvua inaingia mara kwa mara, miti inakunywa maji ya udongo wa juu, na kisima kinachotwa toka alfajiri. Wiki kavu za Januari na Februari ndizo zinazofaa kujaribu. Hata hivyo tusidanganyane: chanzo kinapopungua katika kartye zetu, mara nyingi sababu si mti. Ni bomba la chanzo lililoziba, mmomonyoko uliofukia mahali maji yanapotokea, au idadi ya watu iliyoongezeka mara mbili juu ya chanzo kimoja. Mikaratusi iliyopandwa juu kidogo ya chanzo inaweza kupunguza maji, na hilo linafaa kupimwa kwa ndoo na saa: hesabu sekunde ngapi ndoo ya lita 20 inajaa kwenye bomba, alfajiri na mwisho wa mchana, siku kadhaa zisizo na mvua. Tofauti ndogo inayorudi kila siku, alfajiri maji mengi na jioni maji kidogo, inaonyesha kwamba majani yamo katika habari. Kama hakuna tofauti, tafuta sababu pengine.

Jambo moja ni tofauti kabisa na Kakuma. Kule hofu ni maji kwisha. Hapa hofu kubwa zaidi ni maji kuchafuka. Familia mpya zinapochimba vyoo haraka juu ya mteremko, kisima cha chini hakikauki, kinaleta kuhara. Choo kikae angalau mita 30 toka kwenye kisima au chanzo, na kisiwe upande wa juu. Kamati inayoshika daftari la kamba au la ndoo inaweza kuandika kwenye ukurasa huo huo umbali wa kila choo kipya, pamoja na sahihi za wapimaji wawili, na kuacha nakala moja kwa shefu wa kartye.